Stempu za mapato zenye ndege wa nchi za joto: mwongozo kamili wa kuzikusanya

Stempu za posta zenye ndege ni nyingi mno. Nchi huzitoa kila mwaka, na nyingine hazijawahi kubandikwa kwenye barua hata moja. Stempu za mapato hazikuzaliwa hivyo. Zilichapishwa ili serikali ipate ushuru wake kutoka kwenye mkataba, risiti, leseni au hati ya kiapo, na aliyezichora hakuwa akimfikiria mkusanyaji. Kwa hiyo ndege akionekana humo huwa ana kazi: ama ni nembo ya taifa, ama ni ndege anayewindwa kwa leseni, ama amepamba stempu iliyotumika posta na kwenye ushuru vilevile. Ukizielewa njia hizo tatu utajua pa kutafuta, na hutapoteza pesa kwa vitu visivyohusika.

Nimemwandikia anayeanza. Hata hivyo, mzoefu wa stempu za posta asiruke sehemu ya maji, kwa sababu mazoea ya huko ndiyo yanayoharibu stempu nyingi za huku.

Hatua ya 1: Ijue stempu ya mapato

Ushuru wa stempu ni mkongwe kuliko stempu ya barua. Uholanzi iliuanzisha mwaka 1624 na Uingereza mwaka 1694, ilhali stempu ya kwanza ya posta ya kubandika ilitoka Uingereza mwaka 1840. Mwanzoni hapakuwa na kipande cha kubandika. Karatasi ya hati yenyewe ndiyo iliyopigwa chapa. Karatasi za namna hiyo ziliendelea kutumika baada ya stempu za gundi kuja, na nembo iliyopigwa humo ikiwa na ndege, basi ni halali yako kuikusanya.

Utaitambua stempu ya mapato kwa maandishi yake. Kwenye stempu zilizoandikwa Kiingereza tafuta "Revenue" au "Inland Revenue". Kwenye za Kihispania na Kifaransa "Timbre fiscal". Kwenye za Kireno "Imposto do selo". Kwenye za Indonesia "Meterai". Ukikuta "Postage & Revenue" umekuta stempu ya kazi mbili. Uingereza ilianza mwaka 1881 kutoa stempu moja ya kubandika kwenye barua na kwenye risiti, na makoloni yake mengi yakafuata mtindo huo. Stempu ya namna hii ikiwa haijatumika, huwezi kuihesabu kuwa ya mapato kwa kuitazama picha tu. Matumizi ndiyo yanayoamua: muhuri wa posta unaifanya ya posta, sahihi ya karani au muhuri wa mahakama unaifanya ya mapato.

Hatua ya 2: Weka mpaka kabla ya kununua chochote

Somo hili ni jembamba, lakini bila mpaka litakushinda. Swali la kwanza ni ndege yupi anahesabika, na jibu langu ni kuanza na ndege wa nembo, kwa sababu ndiko kwenye mavuno.

Nembo ya Guatemala imebeba ketsali tangu mwaka 1871, ametua juu ya hati yenye tarehe ya uhuru, 15 Septemba 1821. Ya Mauritius, iliyotolewa mwaka 1906, ina dodo upande mmoja na paa mkubwa upande wa pili. Dodo mwenyewe alikwisha kutoweka duniani tangu karne ya 17. Nembo ya Dominica ina kasuku wawili, ya Bahamas ina heroe, ya Trinidad na Tobago ina kwarara mwekundu, ya Uganda ina korongo taji, ya Papua New Guinea ina ndege wa peponi. Kondori yumo katika nembo za Bolivia, Colombia na Ecuador. Nchi inapoweka nembo yake kwenye stempu za mapato, ndege huja nayo, wakati mwingine akiwa mdogo kiasi kwamba muuzaji mwenyewe hajamwona. Hapo ndipo mkusanyaji mwenye lenzi anapopata nafuu.

Kisha amua kuhusu ndege wa hadithi. Stempu ya meterai ya rupia 10,000 iliyoanza kutumika Indonesia mwaka 2021 ina Garuda. Ni ndege, ndiyo, lakini hayumo katika kitabu chochote cha viumbe. Mimi ningempa ukurasa wake wa pembeni na kuandika wazi kwamba ni wa hadithi. Wengine humkataa kabisa, nao hawajakosea. Kosa ni kumchanganya na kasuku na hondohondo kana kwamba wote wanaruka msituni.

Swali la tatu ni maana ya "nchi za joto". Kondori anaishi katika milima yenye baridi kali, ingawa milima yenyewe iko karibu na ikweta. Chagua kanuni moja: ama ndege anayeishi kati ya tropiki ya Kansa na tropiki ya Kaprikoni, ama ndege wa misitu na mwambao wa joto tu. Ya kwanza ni rahisi kuithibitisha kwa ramani, kwa hiyo ndiyo ninayoipendekeza. Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa albamu yako na uifuate.

Hatua ya 3: Vifaa

Huhitaji vingi. Kibano chenye ncha bapa, kwa sababu jasho la vidole huacha mafuta kwenye karatasi. Lenzi ya kukuza mara 10. Kipimo cha meno, ambacho huonyesha idadi ya vitobo katika kila sentimita 2 za ukingo. Taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno. Rula ya milimita. Vifuko vya plastiki isiyo na PVC, maana PVC hutoa kemikali zinazolainisha wino na kuifanya karatasi inate. Kwa hati nzima, mafaili makubwa na karatasi isiyo na asidi ya kuweka katikati. Albamu ya fahari inaweza kusubiri.

Hatua ya 4: Pa kuzitafuta

Usitafute kwa jina la ndege. Wauzaji wengi wa stempu za mapato huziweka kwa nchi na kwa aina ya ushuru: mahakama, leseni, hundi, pasipoti, bima. Ukiandika "kasuku" kwenye kisanduku cha kutafutia utaletewa stempu za posta tupu. Andika jina la nchi pamoja na neno la mapato la lugha yake, halafu pitia picha moja moja ukiitafuta nembo.

Mahali penye kufaa zaidi ni mafungu ya karatasi za zamani: hati za mauzo ya ardhi, risiti za biashara, leseni zilizokwisha muda, mikataba ya ajira. Muuzaji wa nyaraka mara nyingi hajali stempu, naye muuzaji wa stempu mara nyingi hajali hati. Bei nzuri hupatikana kati yao. Minada ya stempu nayo huwa na mafungu ya "mwisho wa kitabu", yaani stempu zisizo za posta ya kawaida, ambazo katalogi huziweka kurasa za nyuma. Ukiweza, omba kuyaona kabla ya mnada au uombe picha za nyuma.

Vyama vya wakusanyaji wa stempu za mapato vipo, kikiwemo American Revenue Association na The Revenue Society ya Uingereza. Faida kubwa ya chama ni kubadilishana: stempu unayoiona ya kawaida katika fungu lako inaweza kuwa ndiyo iliyokosekana kwa mwingine.

Kuna mambo mawili ya kuepuka hata bei ikiwa nzuri. La kwanza ni hati yenye alama za kumbukumbu za serikali au mahakama, kama vile namba ya jalada, muhuri wa hifadhi, au ukingo uliochanwa kutoka kwenye kitabu. Uliza ilitokaje huko. Jibu likiyumba, iache. La pili ni stempu za mapato zinazotumika sasa zinazouzwa "zimeoshwa". Kuosha stempu ili itumike tena ni wizi wa mapato ya serikali, na sheria za nchi nyingi zinauadhibu hivyo.

Hatua ya 5: Soma alama ya kufutia

Kufuta stempu ni kuitia alama ili isitumike tena. Stempu ya posta hufutwa kwa muhuri wa mviringo, nayo ya mapato hufutwa kwa chochote. Kuna mstari wa kalamu, herufi za kwanza za jina la karani, muhuri wa kampuni, tarehe ya mkono, tobo la mashine, hata mkato wa kisu. Kila alama ina habari. Tarehe ya kalamu inaweza kukuonyesha stempu ilikuwa kazini mwaka gani. Muhuri wa kampuni unakuonyesha ushuru ulitozwa kwa biashara ipi. Tobo linakuonyesha kwamba ofisi ilikuwa na hati nyingi kiasi cha kununua mashine.

Lakini si kila kilichofutwa kwa namna isiyo ya posta ni cha mapato. Mfano mzuri ni Borneo ya Kaskazini. Mfululizo wake wa mwaka 1909 una kakatua mweusi kwenye senti 10, hondohondo kwenye senti 12 na kasowari mdogo kwenye senti 24. Nakala nyingi zina pau nyeusi nene, na anayeanza hudhani ni alama ya forodha au mahakama. Sivyo. Ni akiba iliyofutwa kwa makusudi na kuuzwa kwa bei ya chini kwa wakusanyaji, haijagusa barua wala hati. (Kituko kingine cha mfululizo huo: kakatua yule na kasowari yule ni ndege wa upande wa New Guinea. Kati ya hao watatu, wa Borneo ni hondohondo peke yake.)

Upande wa pili wa hatari uko kwenye thamani kubwa. Stempu za kazi mbili zenye bei ya juu, ambazo hazikuhitajika sana kwenye barua, zilibandikwa zaidi kwenye hati. Chukua ile ya shilingi 10 yenye korongo taji, ya Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka 1935. Nakala ya posta ya stempu za namna hii huthaminiwa zaidi kuliko nakala ya hati, kwa hiyo walaghai hufuta wino wa kalamu kwa kemikali, kisha hupiga muhuri wa posta wa uongo juu yake, au hupaka gundi mpya na kuiuza kama haijatumika. Kwa anayetafuta matumizi ya mapato, hilo ni hasara mara mbili: alama aliyoitaka ndiyo iliyofutwa.

Namna ya kuzikagua: iweke chini ya mwanga wa urujuanimno chumbani gizani. Wino wa zamani wa chuma hufyonza mwanga huo, kwa hiyo mabaki yake huonekana kama mikwaruzo meusi hata pale jicho la kawaida halioni kitu. Tazama pia kama rangi imepauka mahali pamoja, kama uso umekuwa na vinyweleo, na kama kuna tobo lililozibwa. Muhuri mzito uliokaa sawasawa juu ya sehemu iliyopauka si bahati.

Hatua ya 6: Usiloweshe

Wakusanyaji wa posta hutia stempu kwenye maji, huisubiri iachane na karatasi, na kuianika. Kwa stempu za mapato, chukulia kwamba jibu ni hapana mpaka uthibitishe vinginevyo.

Sababu iko kwenye historia yake. Serikali ziliogopa watu kuosha wino wa kalamu na kuitumia stempu upya, kwa hiyo wachapaji walitengeneza wino unaokimbia ukiguswa na maji, na karatasi yenye uso wa chaki ambao huchubuka ukisuguliwa. Kinga hiyo haibagui. Mkusanyaji mwenye bakuli la maji safi ataona zambarau ikigeuka kijivu na kijani kikififia, na manyoya ya kasuku wake yakibaki kwenye maji. Alama ya kufutia nayo iko hatarini: wino wa muhuri wa mpira huweza kuyeyuka, na pamoja nao hutoweka tarehe na jina la ofisi.

Hata pale wino unapostahimili, kuna swali la kama kuondoa kunafaa. Stempu yenye ndege ikiwa peke yake inakuonyesha ndege na bei. Ikiwa juu ya hati inakuonyesha nani alilipa, kwa shughuli gani, kiwango kipi, na stempu zipi nyingine zilihitajika kufikisha ushuru huo. Hati nzima hutangulia. Kipande cha hati chenye alama kamili hufuata. Stempu tupu huja mwisho. Kama hati ni kubwa mno, ihifadhi ilivyo na uweke picha yake kwenye albamu. Mkasi usiukaribishe.

Ukilazimika kuondoa stempu kwenye kipande kisicho na maana, jaribu kwanza kwa nakala ya kawaida ya toleo lilelile. Gusa pembeni kwa ncha ya brashi yenye unyevu kidogo, kisha bonyeza karatasi nyeupe ya kunyonya. Rangi yoyote ikihamia, acha hapo. Isipohamia, tumia unyevu wa hewa ndani ya chombo kilichofunikwa, stempu ikiwa haigusi maji, hadi gundi ilegee yenyewe.

Hatua ya 7: Stempu za leseni za uwindaji

Hili ni tawi dogo lenye ndege wazuri kuliko wote, kwa sababu hapa ndege ndiye sababu ya ushuru. Marekani ilianza mwaka 1934 kumtaka mwindaji wa bata anunue stempu ya kila msimu, ya kwanza ikiuzwa kwa dola 1, na fedha zake huenda kwenye kununua na kulinda ardhi oevu. Bata wengi walioonekana humo ni wa kaskazini, lakini wachache wanaingia katika mpaka wetu. Bata bukini wa Hawaii alitokea mwaka 1964, bei dola 3. Bata mpiga mluzi wa rangi ya hudhurungi, ambaye anaishi pia Afrika na Asia, alitokea mwaka 1986. Mwenzake mwenye tumbo jeusi alifuata mwaka 1990, bei dola 12.50.

Angalia miaka. Msimu huanza Julai na kuisha Juni, kwa hiyo ile ya 1964 imeandikwa kwamba haitumiki baada ya Juni 30, 1965. Wauzaji wasio makini huiorodhesha chini ya mwaka wa mwisho.

Mwindaji alitakiwa kuweka sahihi kwa wino juu ya stempu. Isiyo na sahihi huuzwa ghali zaidi, na katalogi zinaunga mkono bei hiyo. Mimi nasimama upande mwingine: stempu yenye sahihi ikiwa bado kwenye leseni yake ndiyo iliyotumika kama ilivyokusudiwa, na kwa bei ndogo unapata kitu kilichofanya kazi.

Hatua ya 8: Mtambue ndege, kisha itambue stempu

Usiandike "kasuku" ukaridhika. Tafuta aina yake na jina la kisayansi. Kwa ndege wa nembo, maelezo rasmi ya nembo ya nchi hutaja aina, na hapo mchoro hata ukiwa mbaya haubadilishi jibu. Kwa ndege wengine linganisha mdomo, mkia, rangi na kichwa, kisha uangalie ramani ya makazi yake. Stempu ya rangi moja huleta taabu. Hapo umbo la mdomo husaidia kuliko manyoya. Usipopata uhakika, andika jina la kundi tu.

Kwa stempu yenyewe andika nchi, thamani, rangi, meno, alama ya maji (mchoro uliofichwa ndani ya karatasi) na mchapaji kama jina lake lipo ukingoni. Meno si jambo la kupuuza: korongo taji wa senti 20 wa enzi ya mfalme George VI, toleo lililoanza 1938, alichapishwa kwa vipimo tofauti vya meno, na bei zinaachana. Alama ya maji itazame kwa kuishika stempu dhidi ya mwanga au kuilaza juu ya kitu cheusi. Dawa za maji za kazi hiyo zisiguse uso wa chaki.

Katalogi za posta hazitakusaidia sana, isipokuwa ya Stanley Gibbons, ambayo huorodhesha baadhi ya stempu za mapato zilizoruhusiwa kwenye barua kwa namba zinazoanza na F. Katalogi ya Scott ya Marekani huzipa stempu za bata namba zinazoanza na RW. Kwa ulimwengu mzima, katalogi ya Forbin ya mwaka 1915 bado hutajwa na wauzaji, na kwa makoloni ya Uingereza hutumika zaidi zile za Barefoot. Stempu yako isipokuwemo popote usishangilie haraka: kutoorodheshwa kunaweza kumaanisha tu kwamba hakuna aliyeiandika, na katika somo hili hilo ni jambo la kawaida.

Hatua ya 9: Bei

Hakuna soko pana, kwa hiyo hakuna bei iliyokubalika. Stempu moja inaweza kuuzwa kwa bei ya kikombe cha chai leo na mara ishirini ya hiyo kesho kwa sababu wanunuzi wawili wamekutana mnadani. Weka rekodi ya bei zilizolipwa kweli, siyo zilizoombwa. Kasoro inayoishusha stempu ya posta, kama tobo la kufutia, isikutishe hapa ikiwa ni sehemu ya matumizi. Mpasuko, mkunjo na jino lililong'oka ni kasoro popote.

Hatua ya 10: Kuhifadhi na kupanga

Adui ni mwanga, joto na unyevu. Unyevu wa hewa wa karibu asilimia 50 unafaa. Ukipanda sana, madoa ya kahawia ya kuvu huanza na gundi hushika karatasi ya jirani. Simamisha albamu wima bila kuzibana, na ondoa kutoka kwenye hati pini, klipu za chuma na mikanda ya mpira. Gundi ya utepe wa plastiki usiijaribu kuitoa mwenyewe kwenye kitu cha thamani.

Kila kipande kipige picha mbele na nyuma kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, na faili liwe na namba ileile uliyoiandika kwa penseli laini kwenye kifuko, kamwe si kwenye stempu. Ukitaka kuionyesha hati mtandaoni, funika majina, anwani na namba za watu, hasa hati zisizo za zamani sana.

Kwa mpangilio, wengi hupanga kwa nchi na wachache kwa aina ya ndege. Kupanga kwa ndege huvutia zaidi: ukurasa wa kondori unaweza kuwa na nchi tatu, kila moja ikimchora kwa namna yake, na tofauti hiyo haionekani ukizitenganisha. Chini ya kila kipande andika mistari miwili tu, mmoja wa ndege na mmoja wa ushuru. Hati ndefu ikunjwe pale tu ilipokwisha kukunjwa na mwenyewe wa zamani, na stempu isikae juu ya mkunjo. Ikishindikana, ilaze ilivyo kwenye sanduku bapa, na kwenye albamu weka picha yake pamoja na namba ya sanduku.